Mimba Ikiharibika Indiana: Fomu Moja, Saa 24, na Mtoto wa Kusitiriwa

Katika fomu ambayo hospitali humletea mama aliyeharibikiwa mimba kuna neno moja la Kiingereza ambalo mkalimani wa simu, akiwa na haraka, hulitafsiri "kutupa". "Wanauliza, unataka hospitali imtupe au utamchukua mwenyewe?" Mama amelala, dripu mkononi, damu bado inamtoka. Anasikia "imtupe" na kugeukia ukutani. Baba anasema hapana, bila kujua amekataa nini. Nesi anaandika kwamba familia haijaamua, anaondoka na karatasi zake, na saa zinakwenda. Neno la Kiswahili lililotakiwa pale kila mmoja wetu analo tangu utotoni: kusitiri. Fomu inauliza nani atamsitiri mtoto, wapi, na kwa njia gani.

Haya yametokana na kusindikiza familia zinazozungumza Kiswahili hapa jimbo la Indiana, Marekani, nyingi za Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, chache za Watanzania na Wakenya. Hakuna kisa cha mtu humu. Nitafuata njia yenyewe, kutoka mlango wa dharura hadi makaburini, nionyeshe mahali watu wanapojikwaa, na pale ambapo sisi wasindikizaji tuliwahi kuwakwaza.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyoileta fomu kitandani. Ina matabaka mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni la 2014. Linasema mzazi ambaye mimba yake imeharibika, iwe ya wiki 7 au ya wiki 19, ana haki ya kuamua mabaki yatasitiriwaje. Hospitali ina saa 24 za kumweleza haki hiyo kwa mdomo na kwa maandishi, kumtajia njia zilizopo, na kumwonyesha mahali pa kupata ushauri nasaha. La pili ni la Machi 2016, lililotiwa saini na Mike Pence akiwa gavana, na hilo ndilo lililozua kelele nchi nzima. Liliyaondoa mabaki ya mimba, ikiwemo mimba iliyotolewa, kwenye fungu la taka za kitabibu. Hospitali na kliniki zikakatazwa kuyachoma pamoja na viungo na nyama zinazobaki baada ya upasuaji. Sharti yazikwe, au yachomwe kama maiti inavyochomwa. Ila likaruhusu mabaki ya mimba kadhaa yachomwe kwa pamoja katika tanuru moja, jambo ambalo Indiana kwa kawaida hailiruhusu kwa maiti za watu. Shika hilo la "kwa pamoja", tutalirudia.

Mahakama ya rufaa ilikibatilisha kifungu hicho cha kuzika au kuchoma 2018. Tarehe 28 Mei 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakirudisha, kwa kusema jimbo lina maslahi halali katika namna mabaki hayo yanavyositiriwa. Kama kifungu kinamlemea mwanamke kupita kiasi, majaji hawakuligusa, kwa kuwa walalamikaji hawakuileta hoja hiyo mbele yao. Mwaka 2020 ikafunguliwa kesi nyingine, ya imani safari hii: kwamba kulazimisha kuzika au kuchoma ni kumlazimisha mtu akiri kuwa kijusi ni mtu kamili, hata kama dini yake au dhamiri yake haisemi hivyo. Jaji wa ngazi ya chini akakubali Septemba 2022. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikatengua. Sababu waliyoitoa majaji wa rufaa inapaswa kujulikana na kila mzazi: amri ya kuzika au kuchoma inaifunga hospitali na kliniki, haimfungi mwanamke mwenyewe. Yeye akitaka kuyachukua mabaki aende nayo, sheria hiyo haimzuii. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo, na mambo yakabaki hapo.

Wanaoitetea sheria huzungumzia heshima: kilichokuwa mwili wa binadamu kisiende njia moja na bandeji. Wanaoipinga huzungumzia mzigo: gharama, aibu anayotwishwa mwanamke, na imani ya kundi moja kuvalishwa wote. Pande zote mbili zina watu wenye uchungu wa kweli, na mimi sina haja ya kumwamulia mtu. Ila nilichokiona katika miaka hii ni kwamba mabishano yalielekezwa kwenye maana, yakapita juu ya jambo linaloziumiza familia zetu zaidi. "Kuzika au kuchoma", ikiachwa mikononi mwa hospitali, mara nyingi sana huwa kuchoma, na huwa kwa pamoja, kwa sababu ndiyo njia nafuu. Kwa Mwislamu wa Tanga au Uvira hiyo ni haramu. Kwa mama wa Kikatoliki au wa Kipentekoste kutoka Kivu si haramu, lakini mwambie miezi miwili baadaye kwamba mtoto alichomwa na wengine asiowajua, uone atakavyokaa chini.

Wengi hugundua hivyo, baadaye, kwa barua au kwa simu. Walitia saini bila kujua.

Mlango wa dharura na maneno yanayopotea

Omba mkalimani tangu dirisha la kwanza. Ni bure, na ni haki yako chini ya sheria za shirikisho zinazokataza ubaguzi katika huduma za afya. Usikubali binti yako wa miaka 13 afanye kazi hiyo, hata kama Kiingereza chake ni maji. Hospitali hairuhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa pale maisha yako hatarini na hakuna njia nyingine, na binti huyo hatausahau usiku huo.

Ukipata mkalimani, mwulize anatoka wapi. Hilo si udadisi. Katika Kiswahili cha Kongo "kutosha" ni kutoa, kuondoa. Mama wa Bukavu akisema "daktari alinitosha mimba", anaweza kuwa anaeleza tu kwamba alisafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika yenyewe. Mkalimani wa Mombasa ama haelewi kabisa, ama anaelewa nusu na kuandikisha kwamba mgonjwa aliwahi kutoa mimba. Katika jimbo ambalo kutoa mimba kumepigwa marufuku isipokuwa kwa sababu chache, neno hilo likiingia kwenye faili lina uzito. Sema kwa urefu: mimba iliharibika yenyewe, kisha hospitali ikanisafisha.

Kosa hilo huja pia kutoka upande wa pili. Madaktari wa hapa wana mazoea ya kuandika mimba iliyoharibika kwa neno lilelile la Kiingereza linalotumika kwa kutoa mimba, "abortion", wakiongeza tu kivumishi mbele yake. Familia inasoma karatasi za kuruhusiwa kurudi nyumbani, inaona neno hilo, na ugomvi unazuka kati ya mume na mke, au kati ya mke na wakwe. Mwombe daktari akueleze maneno hayo mbele ya mumeo kabla hamjatoka. Tulipoacha kulifanya hili tulilipia kwa vikao vya usuluhishi vya wiki nzima.

Kabla ya kusafishwa

Saa ya kusema unachotaka ni kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Ukishatoka, vilivyotolewa vimekwisha kuwekwa kwenye chombo na kupelekwa maabara ya patholojia, na humo huwekwa katika formalini ili visiharibike. Formalini ni sumu. Inachoma macho na ngozi, mvuke wake unakaba, na nyama iliyokaa humo hugeuka kuwa ngumu na kubadilika rangi. Familia inayotaka kumwosha na kumkafini mtoto inakabidhiwa chupa ya dawa. Tuliwahi kuwaacha watu wafike hapo kwa kutokujua, nalo ni kosa la kuepukika kwa sentensi moja: "Tunataka kumchukua kwa mazishi, tafadhali msimweke kwenye formalini isipokuwa daktari anahitaji kipimo, na kama anahitaji, chukueni kipande kidogo tu."

Upo upande mwingine wa hoja hiyo. Kama hii ni mimba ya tatu kuharibika, daktari anaweza kutaka kupima kromosomu, na kipimo cha kuotesha chembe kinahitaji nyama mbichi iliyowekwa katika maji ya chumvi ya hospitali. Formalini inaua chembe, kipimo hicho kinakufa nazo. Kwa hiyo kusema mapema kunasaidia njia zote mbili, mazishi na majibu.

Uliza pia kitakachobaki. Maabara huhifadhi vipande vidogo vilivyogandishwa kwenye nta na vioo vya hadubini kwa miaka, kwa kawaida 10, na nyama iliyobaki kwenye chupa hutunzwa wiki mbili hivi baada ya majibu kutoka. Wiki hizo mbili ni nafasi ya mwisho ya familia iliyochelewa. Piga simu maabara moja kwa moja, si wodini. Wodi imeshampokea mgonjwa mwingine kwenye kitanda kile.

Na ujue cha kutarajia kwa macho. Wiki ya 8 kijusi kina urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na mara nyingi hakionekani kabisa kati ya mabonge ya damu. Wiki ya 12 ni sentimita tano au sita, ana vidole. Wiki ya 20 ana gramu kama 300 na sura ya mtu. Mama akiambiwa "hatukuona mtoto" katika mimba ya wiki 7, asidhani wamemficha.

Fomu yenyewe

Kila hospitali ina karatasi yake, lakini njia ni tatu. Hospitali isitiri kwa utaratibu wake wa kawaida. Kampuni ya mazishi ije ichukue. Au wazazi wachukue wenyewe. Ukichagua la kwanza, hulipi. Ukichagua njia au mahali tofauti na desturi ya hospitali, gharama ni zako, na sheria inasema hivyo wazi.

Kabla ya kuweka alama kwenye la kwanza, uliza maswali haya na usitosheke na kutikisa kichwa: Mnazika au mnachoma? Peke yake au na wengine? Baada ya siku ngapi? Majivu huenda wapi? Kuna kaburi tunaloweza kulitembelea? Hospitali nyingine zina makubaliano na makaburi ya eneo na huzika pamoja mara moja au mara chache kwa mwaka, kwa ibada fupi ambayo wazazi wanakaribishwa. Hiyo ni heshima kubwa na haina gharama. Ukiulizia utajua, usipoulizia barua ya mwaliko itakwenda kwenye anwani ya zamani.

Saa 24 ni muda wa hospitali kukueleza haki yako. Watu wengi huelewa kwamba ni muda wao wa kuamua, wakaharakishwa na nesi anayemaliza zamu. Una haki ya kusema: "Naomba mtunze kwenye mochwari, tutarudi na jibu kesho kutwa." Waambie waandike kwenye faili, chukua jina la aliyeandika, na uondoke na nakala. Tena fomu ielezwe na kutiwa saini mama akiwa amezinduka sawasawa. Saini iliyopatikana ndani ya usingizi wa nusukaputi imewatesa watu wengi kuliko kifungu chochote cha sheria.

Jina la mtoto si lazima kwenye kibali cha kusafirisha na kuzika. Nafasi hiyo inaweza kubaki wazi. Kuna familia hutaka jina liandikwe, kuna zisizotaka hata kulitamka; acheni wazazi waamue, shangazi akae kimya.

Wiki ya 20 ni mpaka mkubwa. Kuanzia hapo hospitali hupeleka jimboni taarifa ya kifo cha mtoto tumboni, na wazazi wanaweza kuomba cheti cha mtoto aliyezaliwa mfu. Chini ya hapo hakuna cheti hicho. Lakini mtoto akitoka akapumua, hata dakika mbili, hata kama mimba ilikuwa ya wiki 19, huyo amezaliwa hai: anaandikishwa kuzaliwa, anaandikishwa kufa, na sheria ya mabaki ya mimba haimhusu tena. Anazikwa kwa utaratibu wa mtu yeyote. Hata kodi inabadilika, maana aliyezaliwa hai huhesabiwa tegemezi wa mwaka huo na aliyezaliwa mfu hahesabiwi na serikali ya shirikisho. Mkiona alipumua, semeni na hakikisheni limeandikwa.

Ikitokea nyumbani

Mimba changa nyingi huharibikia nyumbani, chooni. Huko tulikotoka mara nyingi kina mama wenyewe walimaliza: bibi au mkunga alimfunga kwenye kitambaa, akamzika nyuma ya nyumba jioni, wanaume wakaambiwa baadaye au wasiambiwe. Hapa unakaa ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga.

Kama daktari amekwishakwambia mimba haina uhai na umechagua kusubiri nyumbani, omba hospitali beseni dogo la plastiki la kuweka ndani ya choo, hutolewa bure. Kinachotoka kiweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, funika kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, weka kwenye friji. Usiweke kwenye friza, barafu hupasua chembe na kuharibu kipimo. Usitie spiriti wala dawa ya madoa. Piga simu kliniki siku hiyohiyo, waambie unachokileta na kama unataka kurudishiwa. Na ujichunge mwenyewe kwanza: ukilowanisha pedi mbili kubwa kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au ukipata homa ya nyuzi 38 na zaidi, piga 911, namba ya dharura, chombo kitasubiri. Kama kundi lako la damu ni hasi, ulizia sindano ya kuwalinda watoto wa mimba zijazo; inatakiwa ndani ya saa 72.

Kwa nini nasisitiza kupiga simu? Mwaka 2023 huko Warren, Ohio, mwanamke ambaye mimba yake ya takriban wiki 22 iliharibikia chooni nyumbani kwake alishtakiwa kwa kosa la kudhalilisha maiti. Alikuwa amekwenda hospitali kabla ya hapo, madaktari wakamwambia mimba haitapona. Januari 2024 jopo la raia linalopima kama kesi iendelee likakataa kumpeleka mbele. Alishinda, lakini baada ya polisi kupekua choo chake na habari kuzunguka dunia. Sheria za kusitiri zimeandikwa kwa ajili ya hospitali. Nyumbani zimeacha giza, na katika giza hilo polisi hutafuta sheria nyingine. Tunza karatasi ya ultrasaundi na ya kuruhusiwa kutoka. Wakija kuuliza maswali, omba mwanasheria na mkalimani kabla ya kujibu, kwa sauti ya adabu, na usiongeze neno.

Kampuni ya mazishi na pesa

Hapa ndipo watu wanaibiwa, wakati mwingine na wenzao. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia matibabu, hailipii kaburi. Lakini kampuni nyingi za mazishi hazitozi kazi yao kwa mtoto wa namna hii, au hutoza kidogo, na hazitangazi. Lazima uulize: "Mna bei gani kwa mimba iliyoharibika?" Kwa kanuni ya shirikisho wanapaswa kukutajia bei kwenye simu na kukupa orodha ya bei kwa maandishi ukifika. Piga simu tatu kabla ya kukubali moja. Hawawezi kukulazimisha kununua sanduku kwao, wala kukutoza kwa sababu umeleta la kwako. Seremala wa jumuiya anaweza kulitengeneza. Kwa mimba ya wiki 16 sanduku la sentimita 30 linatosha.

Pesa halisi iko makaburini: kiwanja, kuchimba na kufukia, jiwe. Sehemu ya watoto huwa nafuu na makaburi mengine hutoa kiwanja bure, lakini kuchimba peke yake kunaweza kufika mamia ya dola, na mazishi ya Jumamosi alasiri huwa na nyongeza. Indiana ina msimamizi wa tarafa, ofisi ndogo ambayo wengi hawaijui, yenye wajibu wa kusaidia mazishi ya wasio na uwezo. Nenda huko kabla ya kutia saini mkataba na kampuni. Ukienda na risiti ya deni ambalo hawakuliidhinisha, watakwambia wamechelewa kuombwa.

Mchango wa jumuiya nao una mitego. Kikundi cha WhatsApp kinachanga dola 4,000 kwa mazishi ya dola 900, kisha maneno yanaanza juu ya zilizobaki. Pateni bei kwa maandishi kwanza, ndipo mtangaze kiasi.

Kama mmechagua kuchoma peke yake, ulizeni wazi kama yatabaki majivu. Kwa mimba changa mifupa haijakomaa na huenda pasibaki kitu. Tanuru lenye sinia dogo la watoto, ambalo huzuia majivu yasipeperushwe, huwa na nafasi kubwa zaidi. Kampuni ya kweli itakwambia hivyo mapema, hata kama inapoteza biashara.

Msikitini na kanisani

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mpaka ni miezi minne, siku 120. Mimba iliyoporomoka kabla ya hapo haioshwi wala haiswaliwi. Hufungwa kitambaa na kuzikwa, nayo ni sunna. Kuanzia miezi minne huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, na kuswaliwa ni pale tu ilipoonekana dalili ya uhai. Wafuasi wa madhehebu ya Hanbali humswalia. Katika mji wenye msikiti mmoja imamu anaweza kuwa wa madhehebu nyingine, kwa hiyo mzozo usizuke mbele ya sanda: mpigie usiku uleule umwulize anafuata lipi. Umwulize pia kuhusu sanduku la zege linalowekwa kaburini kuzunguka jeneza. Sheria ya jimbo hailidai, ni kanuni za makaburi yenyewe ili ardhi isibonyee, na sehemu za Waislamu kwa kawaida zina ruhusa ya kuzika bila hilo au kwa sanduku lisilo na sakafu.

Wakatoliki hawambatizi aliyekwisha kufa, na mama akikataliwa ubatizo kitandani hudhani Kanisa limemkataa mtoto. Sivyo. Sheria ya Kanisa inaruhusu mazishi ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Mwombe padri hivyo hasa, kwa maneno hayo.

Siku ya kumchukua

Piga simu mochwari kabla ya kuondoka nyumbani. Wanataka kitambulisho cha mama, saini, na kibali cha kusafirisha na kuzika kutoka idara ya afya ya kaunti. Kampuni ya mazishi hukishughulikia kibali hicho, mkichukua wenyewe ulizeni nani anakileta. Ijumaa saa nane mchana ofisi ya kaunti inaweza kuwa haina mtu, na Jumatatu ikiwa sikukuu mmekwama siku tatu. Nendeni na kikapu au sanduku lenu. Kuna familia imekabidhiwa mtoto kwenye ndoo nyeupe ya maabara yenye nembo ya hatari. Kama aliwekwa kwenye formalini, ombeni maabara waimwage na kumsuuza kwa maji mengi kabla ya kuwakabidhi, na anayemshika avae glavu, dirisha likiwa wazi.

Kuzika nyuma ya nyumba: nisingeshauri, hata pale ambapo sheria haikuzuii. Nyumba ni ya kupanga, mkataba wa mwaka, mwenye nyumba analeta trekta kurekebisha bomba, na mmehamia Iowa kufuata kazi ya kiwanda cha nyama. Anayeendelea na shauri hilo, na awe na uwanja wake mwenyewe, aipigie kwanza idara ya afya ya kaunti.

Mimba ikiharibika wiki ya 16 au zaidi, siku ya tatu maziwa huweza kujaa. Mama asiambiwe ghafla na mwili wake. Sidiria ya kubana, barafu iliyofungwa kitambaani, na asiyakamue, maana kukamua kunayaita mengine. Hili linapaswa kusemwa kabla hajatoka hospitali na husahaulika kila mara, kwa kuwa wote tunashughulika na kaburi.

Makaburini chukueni namba ya safu na ya kiwanja, iandikeni kwenye simu za watu wawili. Sehemu ya watoto mara nyingi hairuhusu mawe ya kusimama. Ni mabamba bapa yaliyolala sawa na nyasi ili mashine ya kukatia ipite, maua ya plastiki huondolewa kila majira yanapobadilika, na kuanzia Desemba theluji huyafunika yote. Anayekuja kuzuru Januari anahitaji ile namba, na ufagio.